Jumapili ya Sehemu ya Mwisho

Nianze kwa kusema wazi, ili wa kunichukia anichukie mapema: ile tamthilia haikuwa nzuri. Najua ilivyopendwa. Hapa Tunduma kuna watu walifunga maduka mapema kwa ajili yake, na madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani walikuwa wakiulizana imefikia wapi badala ya kuulizana foleni imefikia wapi. Mimi niliitazama kwa miaka miwili kwa sababu nilikuwa nakaa nayo nyumba moja, na kila nikiitazama nilijiuliza kama mimi na wenzangu tunaona kitu kimoja.

Ilitoka nchi za mbali, ikawekewa sauti za Kiswahili. Binti maskini anapendwa na kijana wa kitajiri, mama wa kijana hamtaki, binti anapata ajali anasahau jina lake. Akishakumbuka, kijana naye anapata ajali anasahau. Katika jumba lile sikuwahi kuona mtu akifagia wala akisugua sufuria. Wanawake walilala na wanja wakaamka na wanja. Hakuna aliyebisha hodi. Kila mtu alisimama nyuma ya mlango kusikiliza siri ya mwenzake, na siri yenyewe ilisemwa kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. Mtu akiambiwa jambo zito, ngoma inapigwa, wanatuonyesha uso wake. Ngoma inapigwa tena, wanatuonyesha uso ule ule kwa upande wa pili, na kipindi kinaisha. Kesho yake wanaanza na uso ule.

Nilipomwambia hivyo jirani yetu, mama anayeuza dagaa, alinitazama kwa huruma. "Wewe hujui kuangalia," akasema. "Ile inafundisha." Nikamuuliza inafundisha nini. Akafikiri kidogo, akasema inafundisha maisha.

Ningeweza kuvumilia jirani. Shida yangu ilikuwa shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba yangu, mdogo wake, alifariki kule Hasamba nikiwa bado sijaanza shule, mama akamfuata, na shangazi akaja kunichukua. Alinileta Tunduma kwenye biashara yake ya ndoo na mabeseni karibu na mpaka, ambayo baadaye tuliifanya pamoja. Ni mwanamke mkavu. Msibani wenzake wakigaragara, yeye yuko kwenye mafiga anasimamia sufuria. Sikuwahi kumwona akilia, si kwa baba, si kwa mama, si siku ile banda letu la biashara lilipoungua likabaki majivu na plastiki iliyoyeyuka. Lakini kwa yule binti wa kwenye runinga alilia kila wiki. Alikuwa na kitambaa maalumu, kimekunjwa chini ya mto wa kochi, na kilikuwa kinafuliwa.

Nasema ukweli, kile kitambaa kilinikera kuliko tamthilia yenyewe.

Mwaka ambao tamthilia ilikuwa inaelekea kuisha, nilipata mchumba. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao kwetu watu wameshaacha kukuuliza utaolewa lini na wameanza kukuonea huruma. Alikuwa fundi wa majokofu upande wa pili, Nakonde, Mnamwanga ambaye nusu ya ukoo wake iko Zambia na nusu iko Momba. Posa mbili nilizowahi kuletewa zamani, moja niliikataa mimi, nyingine aliikataa shangazi. Hii ya tatu niliitaka. Nasema bila aibu, niliitaka sana.

Na ili ipite, ilibidi shangazi aseme ndiyo kwa mdomo wake. Katika familia yetu, siku ya posa baba mdogo hukaa kwenye kiti kikubwa na kuongea kama mwenyekiti, lakini kabla ya kujibu lolote humtazama shangazi usoni. Shangazi asiposema ndiyo mbele ya wageni, wageni huaga na hawarudi. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilijaribu kumweleza huyu mtu ni nani, anatoka wapi, kwa nini namtaka. Nilimweleza wakati wa matangazo. Sabuni ikitangazwa, nilisema sentensi mbili. Mafuta ya kupikia yakitangazwa, nyingine mbili. Ngoma ikipigwa, kiganja chake kinainuka: subiri. Mpaka leo sijui alisikia kiasi gani.

Mshenga wao, mzee mmoja mtaratibu anayeishi Nakonde, alipiga simu jioni moja ya katikati ya wiki kuomba siku na saa. Alipiga kipindi kikiwa hewani. Nilikuwa nimekaa pembeni ya shangazi na nilimsikia vizuri. "Jumapili, baba. Saa kumi. Karibuni sana," alisema, macho yakiwa kwenye runinga, akakata.

Mgeni wa huku kwetu hataelewa kosa liko wapi. Kati yetu na Zambia saa zinapishana kwa saa moja. Wao wako nyuma. Ukivuka barabara tu simu yako inabadilisha saa. Kwa hiyo hapa mpakani hakuna anayetaja saa ikaishia hapo. Unasema saa kumi ya kwetu, au saa kumi ya kwao. Na mtu asipotaja, adabu ya wafanyabiashara wa hapa ni kwamba mwenyeji amempa mgeni saa ya mgeni, asimsumbue kupiga hesabu. Shangazi anajua hilo kuliko mimi; amefanya biashara na Wazambia tangu sijazaliwa. Siku ile hakutaja kwa sababu kichwa chake kilikuwa kwenye lile jumba lisilofagiliwa. Nilimwambia ampigie tena mzee. Akasema atapiga kikiisha. Kilipoisha alikuwa analia.

Na Jumapili ile ndiyo ilikuwa inaonyeshwa sehemu ya mwisho. Saa kumi na moja jioni. Shangazi alikuwa amepanga wageni waje saa kumi, wale, waseme, wajibiwe, na kabla ya saa kumi na moja wawe wanavuka mpaka kurudi kwao. Yaani posa yangu ilipangiwa muda wa saa moja tu.

Tulitoka kanisani mapema. Baba mdogo alikuwa amefika kutoka Itaka na jogoo wawili. Kuku wakaiva, wali ukaiva, nyumba ikafagiliwa mpaka nje barabarani. Saa kumi kasoro nikaingia chumbani kama desturi inavyotaka, kwa sababu binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Anaitwa mwishoni, anaulizwa mbele ya watu, "Unawafahamu wageni hawa?" Akisema anawafahamu, shangazi anatoa neno. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge cha buluu nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nisilikunje.

Saa kumi hakuja mtu. Saa kumi na nusu hakuja mtu. Nilimsikia baba mdogo akisema labda wameghairi, na shangazi akisema watu wa upande ule hawana haraka. Nilitaka kupiga kelele kupitia ukutani kwamba wana haraka sana, ila saa uliyowapa haijafika. Kisha nikaanza kusikia viti vinaburuzwa. Majirani. Mama wa dagaa, binti zake, wapangaji wa nyuma, wote walikuwa wamekuja na vigoda vyao kama kila siku, kwa sababu runinga yetu ndiyo kubwa mtaani. Shangazi hakumrudisha hata mmoja.

Saa kumi na moja ule wimbo wa kuanza ukapigwa, na juu ya wimbo nikasikia hodi.

Nilisikia kila kitu. Mimi niliyewacheka watu wa kusikiliza nyuma ya milango, nilikuwa nimebandika sikio kwenye mlango. Nilisikia wageni wakikaribishwa, wakibanana kukaa, wakipewa maji. Nilimsikia mshenga akisafisha koo na kuanza yale maneno ya mzunguko ambayo washenga huanza nayo, kwamba wao ni wasafiri, wamepita njia hii wakaona moshi, wakasema hapa hapakosi jiko. Ni maneno mazuri. Mtu ameyatunga, ameyafanyia mazoezi njiani. Baba mdogo alipaswa kujifanya haelewi, amuulize ni jiko la aina gani.

Badala yake nikasikia sauti ya shangazi. "Baba, pumzikeni kwanza, kuleni. Hii inaisha sasa hivi."

Nikasubiri mshenga aonyeshe kuudhika. Nilimuombea audhike.

"Huyu kijana kumbe amepona?" mshenga akauliza.

"Jana," baba mdogo akamjibu. Baba mdogo ambaye kila akija kutoka Itaka hutuambia runinga imeharibu kizazi.

Basi. Ndani ya muda mfupi sebule nzima ilikuwa kitu kimoja, wenyeji na wageni, wakimtukana yule mama mkwe wa kwenye runinga kwa sauti za watu waliofahamiana miaka. Nilisikia sahani zikipita, mifupa ikivunjwa. Walikuwa wanakula kuku wangu wa posa kama watu walioko kwenye ukumbi wa video. Matangazo yalikuja, nikasema moyoni sasa, semeni sasa, lakini wakati wa matangazo walijadili kilichokwisha kupita. Hasira zilinipanda mpaka machozi yakatoka, na wanja ukashuka. Nilijiona kwenye kioo cha kabati na kukumbuka wale wanaolala na wanja. Wa kwao haushuki.

Katikati ya hapo mlango ukafunguliwa. Niliruka nyuma. Aliingia mwanamke mzee, mfupi, kilemba cheupe, viatu mkononi. Alikuwa anatafuta choo na ameingia mlango usio wake. Tukatazamana.

"Mwapoleni mukwai," nikamwamkia kwa Kibemba, nikipiga goti, kwa sababu ndicho nilichonacho. Ninakitumia kuuza mabeseni.

Akaitikia, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kitandani kwangu bila kuombwa. Alikuwa mama yake mchumba wangu. Kijijini kwao Kiswahili hawakitumii, na kule sebuleni alikuwa amekaa kama gunia, haelewi lolote. Tuliongea kwa Kibemba changu cha sokoni na Kinamwanga chake, ambacho mtu aliyelelewa kwa Kinyiha hukikamata nusu.

"Nani amefariki?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mama."

"Wale kina mama wanalia."

"Ni runinga. Kuna msichana anasumbuliwa."

Alifikiri. "Ni ndugu yenu?"

"Hapana, mama. Wala hayupo. Wametunga tu."

Alitikisa kichwa, akaanza kujisugua nyayo. Akasema amepanda gari tangu asubuhi, amefika watu wamemgeuzia migongo. Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Kisha akaniangalia vizuri, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unamtaka mwanangu?"

"Namtaka, mama."

"Anakoroma," akasema. "Usije ukasema hukuambiwa." Akainua miguu yake, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Desturi ilikuwa imevunjika vibaya. Upande wa muoaji umeniona kabla sijaitwa, umeniuliza na umejibiwa, na mbele ya wazee tulikuwa hatujaanza. Lakini nitasema jinsi nilivyojisikia: kwa mara ya kwanza siku hiyo nilihisi kuna mtu amekuja kwa ajili yangu. Nilikaa karibu naye, gauni likakunjamana, sikujali tena.

Ghafla sebuleni vigelegele vikalipuka. Vigelegele vya kweli, vya wanawake wengi, pamoja na makofi na mtu anayepiga meza. Mama akafumbua macho, akaanza kuvaa viatu haraka. "Wamekubali?"

"Hapana, mama," nikasema. "Wamemwoza mwingine."

Yule binti wa kwenye runinga alikuwa amefunga ndoa.

Waliponiita, jua lilikuwa linazama na wageni walikuwa wameshaanza kutafuta mikoba yao. Nilitoka nikiwa nimemshika mkono mama mkwe wangu. Baba mdogo akasimama. "Huyu mama alikuwa chumbani kwa mtoto?" aliuliza. Akasema mambo hayaendi hivyo, afadhali wageni warudi Jumapili nyingine tuanze upya kwa utaratibu. Mshenga, ambaye bado alikuwa na aibu ya kula na kutazama bila kusema lililomleta, akainamisha kichwa kama anayekubali. Mimi najua Jumapili nyingine ni nini. Posa ile ya zamani iliyokataliwa na shangazi ilianza kwa kuambiwa Jumapili nyingine.

Nikamtazama shangazi. Macho yake yalikuwa mekundu, kitambaa kiko mapajani kimelowa. Runinga nyuma yake ilikuwa inatangaza sabuni na hakuna aliyeizima.

"Unawafahamu wageni hawa?" akaniuliza.

"Nawafahamu."

"Basi ndiyo," akasema kwa mshenga. "Mpokeeni. Ni mtoto wetu na sasa ni wenu."

Ikaisha. Vigelegele vilipigwa, lakini vilikuwa vya watu waliochoka koo. Mama wa dagaa alipiga kimoja, akakohoa. Posa yangu, ile niliyoishonea gauni, ilikuwa fupi kuliko tangazo la sabuni. Na shangazi hakulia. Kwetu shangazi hulia akimtoa binti. Hata wakavu hujikamua chozi moja, ndiyo heshima ya binti yenyewe. Wangu alikaa macho makavu, akauliza kama wageni wamepata maji ya kunawa.

Wageni walipoondoka tulibaki wawili jikoni na rundo la vyombo. Nilivumilia mpaka sufuria ya wali, nikashindwa.

"Shangazi," nikasema, "umemlilia mtoto wa watu jioni nzima. Mimi hukunililia."

Alisugua ukoko kwa kijiko, akamwaga maji, akasugua tena.

"Yule sikuwa nampeleka popote," akasema. "Wewe ningeanza kukulilia, ile 'ndiyo' isingetoka mdomoni."

Akanipa sufuria niisuuze.

Nimehamia Nakonde sasa. Mama mkwe alisema kweli, mwanawe anakoroma. Tamthilia ile ilipoisha wakaleta nyingine ambayo watu wanasema ni nzuri kuliko ya kwanza. Nimeiona mara mbili, kuna ajali na kuna mtu amesahau jina lake. Kwa maoni yangu tulidanganywa mara ya kwanza na tunadanganywa tena, na tunalipia king'amuzi ili tudanganywe.

Shangazi hunipigia simu kila jioni, na siku hizi anataja: saa mbili ya kwenu. Nimepiga hesabu. Ya kwetu saa mbili, ya kwake ni saa tatu, na saa tatu ndipo hiyo mpya inapoanza. Nausikia wimbo wake ukipigwa nyuma yake tangu anaposema halo. Ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Ananiuliza kama fundi amerudi, namwambia amerudi. Baada ya hapo hana la kusema na hakati simu, na mimi nabaki nasikiliza ngoma ikipigwa, na uso fulani nisiouona ukionyeshwa mara mbili.

"Shangazi, punguza basi sauti," namwambia. "Au angalia kwanza, utanipigia kikiisha."

"Siangalii," anasema. "Imewashwa tu."